Kuuza Picha Mtandaoni Ukiwa Unguja au Pemba

Andika "Zanzibar" kwenye ghala lolote la picha mtandaoni. Utaletewa ngalawa na jua linalozama Nungwi, kisha ngalawa nyengine, kisha jua lile lile. Nyingi zimepigwa na wageni wenye kamera nzuri kuliko yako na yangu, na ni picha nzuri kweli. Kushindana nazo ni kujitesa bure.

Kuna mambo mgeni yule hakuyaweza. Hakuweza kumwendea bibi anayechambua karafuu barazani kwake Konde, akamwamkia, akamweleza haja yake na kuondoka na saini. Hakujua kama kilichoanikwa kando ya barabara ni karafuu au ni makonyo. Na masika yalipoanza, yeye alikuwa kesharudi kwao. Mwongozo huu ni wa mpigapicha asiye na studio wala jina, mwenye kamera ya kawaida au simu yenye kamera nzuri, anayetaka ukaazi wake umletee chochote. Pato lenyewe si kubwa, na hapo mbele utaliona kwa tarakimu.

Hatua ya 1: Jua unachouza

Unachouza ni ruhusa ya kuitumia picha; picha yenyewe inabaki yako. Leo ruhusa hiyo inaweza kununuliwa na mchapishaji wa Ujerumani, kesho na benki ya Nairobi, kwa picha ile ile. Ghala la picha linaiweka dukani, linapokea fedha, linakata chake na kukupa mrabaha. Hutajua mara zote nani kanunua wala kaitumia wapi.

Hakimiliki ni yako tangu unapobonyeza kitufe. Zanzibar inailinda kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ofisi inayosimamia mambo hayo ni COSOZA. Ila usichanganye hakimiliki na ruhusa ya kuuza. Picha ya harusi uliyolipwa kuipiga ina wenyewe, na kwetu hapa picha za upande wa wanawake ukumbini zisitoke kwenye diski yako hata siku moja, iwe kwa ghala la picha au kwa rafiki.

Hatua ya 2: Chagua ghala, usikimbilie yote

Maghala ni mengi. Kwa anayeanza, matatu yanatosha kuyafikiria.

Adobe Stock hulipa asilimia 33 ya bei ya picha na asilimia 35 ya video. Kwa wanunuzi wenye vifurushi vya mwezi, mrabaha huanzia senti 33 za dola kwa picha moja inayopakuliwa. Malipo huombwa ukifikisha dola 25, na ziwe zimepita siku 45 tangu uuze kwa mara ya kwanza.

Shutterstock, iliyoanzishwa New York mwaka 2003, ina wanunuzi wengi sana, lakini tangu Juni 2020 hulipa kwa madaraja: unaanza asilimia 15, na kadiri picha zinavyopakuliwa unapanda hadi asilimia 40. Tatizo ni kwamba kila tarehe 1 Januari unarudishwa daraja la chini kabisa na kuanza upya. Kiwango cha chini kwa picha moja ni senti 10 za dola.

Alamy ya Uingereza huuza mara chache lakini kwa bei ya juu zaidi, na hupenda picha za maisha halisi, za pahala mahsusi na za habari. Mchangiaji wa daraja la Gold hupata asilimia 40. Mauzo yake ya mwaka yakiwa chini ya dola 250, hushushwa hadi asilimia 20. Malipo hutoka ukifika dola 50.

Fanya hesabu kabla ya kuota. Ukipata senti 33 kwa kila picha, unahitaji kuuza mara 76 kufika dola 25. Ukipata senti 10, unahitaji mara 250. Kwa rai yangu, mtu wa Unguja au Pemba aanze na Adobe Stock kwa picha zenye ridhaa ya waliomo, na Alamy kwa picha za mitaani na za matukio. Shutterstock ifuate baadaye, ukishakuwa na picha mia kadhaa zilizokwisha andikwa maelezo, kwa sababu hapo kuipelekea hakukugharimu kazi mpya. Popote utakapoulizwa kama unataka kuwapa picha zako wao peke yao, jibu hapana kwa sasa.

Hatua ya 3: Fungua akaunti kwa jina moja tu

Utaombwa kitambulisho cha serikali: pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa. Uwe umefikisha miaka 18. Hapa ndipo majina yetu yanapotusumbua. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, benki iliandika Hamisi, pasipoti ina majina matatu na laini ya simu imesajiliwa kwa mawili. Mashine inayolinganisha majina haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Chagua tahajia ya kitambulisho utakachokipeleka, itumie ghalani, itumie kwenye akaunti ya malipo, na kama benki ina tahajia nyengine, nenda ukairekebishe kabla hujauza chochote. Baada ya fedha kukwama ni safari ndefu zaidi.

Alamy haikupi mlango wazi: unapeleka kwanza picha tatu za majaribio zikaguliwe kwa ubora wa kiufundi. Peleka zilizo safi kabisa hata kama hazisisimui.

Hatua ya 4: Piga kile ambacho mgeni hakipati

Mnunuzi wa picha hizi mara nyingi ni msanifu wa majarida, mtu wa matangazo, mhariri wa vitabu vya skuli au shirika linaloandaa ripoti. Hatafuti picha ya kutundika ukutani. Anatafuta picha inayosema jambo moja wazi: msichana wa hijabu akifanya kazi kwenye kompyuta, muuguzi akimpima mtoto uzito, fundi cherehani akilipwa kwa simu, baba akimsomesha mwanawe mezani usiku, paneli ya sola juu ya paa la makuti. Picha za Waafrika Waislamu wakiwa kazini, nyumbani na skuli, wakiwa watu wa kawaida wasiosikitisha wala kutisha, ni chache ukilinganisha na jinsi tulivyo wengi. Unaishi ndani ya hazina hiyo.

Halafu kuna kazi zetu. Karafuu ina hatua nyingi kuliko picha moja ya mti: kupanda mkarafuu, kuangua vishada, kuchambua, kuanika kwenye jamvi, kugeuza, kupima, kupeleka kituo cha ununuzi. Piga hatua zote, maana mwandishi wa kitabu cha kilimo atataka mfululizo, na akiupata kwa mtu mmoja hatatafuta kwengine. Mwani vivyo hivyo, kuanzia kufunga mbegu kwenye kamba hadi magunia. Mabonde ya mpunga Cheju, upandaji wa mikoko, uanikaji wa dagaa, fundi wa jahazi akiziba nyufa kwa pamba na mafuta, vijana wa makachu Forodhani, mchezo wa ng'ombe Pemba, Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Viumbe navyo: kima punju wa Jozani na popo wa Pemba pale Kidike ni wanyama ambao asili yao haipo kwengine duniani.

Mji Mkongwe umepigwa picha sana tangu kabla UNESCO haijauingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini bado kuna nafasi kwa anayejua historia. Kama una picha safi za jumba la Beit-al-Ajaib za kabla ya tarehe 25 Disemba 2020, siku sehemu yake ilipoporomoka, zifukue: hakuna atakayeweza kuzipiga tena. Kinachozipa thamani ni tarehe, basi usiipoteze.

Jambo la umbo: acha nafasi tupu upande mmoja wa picha, mbingu au ukuta, ili msanifu apate pa kuandika. Na kila ukipiga ya kulala, piga na ya kusimama.

Hatua ya 5: Panga saa na maji

Jua letu la mchana huangusha kivuli cheusi machoni mwa watu na kuyafanya maji yaonekane bati. Saa nzuri ni tangu linapochomoza hadi saa mbili na nusu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Lakini bahari ina ratiba yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani huwa ndani ya maji wakati huo, jua likiwa tayari kali. Huwezi kuwaambia wangoje. Pambana hivi: simama jua likiwa nyuma yao kwa upande, chuchumaa ili maji ya chini yarudishe mwanga usoni, au subiri wingu lipite. Zile za kuanika na kufungasha zipige jioni, nchi kavu.

Msimu wa kusi hupiga mawimbi na mawingu ya kupendeza. Kaskazi hutuliza maji upande wa mashariki kwa siku kadhaa na kuleta joto la ukungu kwenye upeo. Masika watu wengi hufungia kamera ndani. Mvua Darajani, mtaro uliofurika, wanafunzi chini ya mwavuli mmoja ni picha za tabianchi na za maisha ya mji, na wageni wengi huondoka msimu huo.

Picha za Ramadhani na sikukuu hununuliwa mapema. Ulizopiga mwaka huu ziwe ghalani miezi miwili au mitatu kabla ya Ramadhani ijayo, na kumbuka kwamba kwa kalenda ya Miladi mwezi huo husogea nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka.

Chumvi na unyevu vitakula vifaa vyako. Usibadilishe lenzi ufukweni upepo ukivuma. Ukirudi, pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, la sivyo ukungu huota ndani ya lenzi na kuutoa ni kazi ya fundi.

Hatua ya 6: Ridhaa kwa maandishi

Picha yoyote yenye mtu anayetambulika, kama itauzwa kwa matumizi ya biashara, inahitaji hati ya ridhaa iliyosainiwa naye. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Nyumba ya mtu, hoteli au bwawa la kuogelea huhitaji hati ya ridhaa ya mali. Maghala yana fomu zao za Kiingereza unazoweza kuchapisha; fomu ya Getty Images, ghala jengine kubwa, hukubaliwa pahala pengi. Jaza jina kamili, anwani, tarehe ya kupiga, saini, na saini ya shahidi ambaye si wewe. Iskani au ipige picha iliyonyooka, uihifadhi pamoja na picha husika.

Fomu ni ya Kiingereza, na wengi utakaowaendea hawaisomi. Basi kuieleza ni kazi yako, na uieleze yote, pamoja na sehemu isiyokupendeza. Mfano:

"Asalaam alaykum, bibi. Shikamoo."

"Waalaykum salaam. Marahaba, mwanangu."

"Mimi mpigapicha, natoka Wete. Naomba kukupiga picha ukichambua karafuu. Picha hii nitaiweka mtandaoni niiuze. Anaweza kuinunua mtu tusiyemjua, akaitia kwenye kitabu au kwenye tangazo la biashara, huko nje au hapa hapa. Ikishauzwa siwezi kuirudisha. Nikipata, napata pesa mimi. Ukikataa sikasiriki, na nikipiga mikono tu bila uso pia inanitosha."

Akiuliza yeye atapata nini, mjibu pale pale. Mimi napendelea kulipa kiasi kilichokubaliwa siku hiyo hiyo na kurudi na picha iliyosafishwa, kuliko kuahidi sehemu ya mauzo. Senti 33 haigawiki, na mtu aliyeahidiwa "tukiuza" atakuuliza kila mkionana, naye ana haki. Kama ana mume, mama au kaka anayetaka kusikia kwanza, subiri wasikie. Ridhaa iliyopatikana kwa haraka mtaani inaweza kukuletea wazee mlangoni.

Akisema uso hapana, zipo njia. Mikono peke yake, mgongo, kivuli dhidi ya mwanga wa jua, umbo la mbali kwenye maji yaliyokupwa: mtu asipotambulika, hati haihitajiki. Angalia tu alama zinazomtambulisha, kama kovu, mchoro wa kudumu mwilini au pete ya aina yake. Skuli na hospitali usiingie kwa kujuana. Nenda kwa mwalimu mkuu au mganga mkuu na barua, na baada ya ruhusa ya ofisi bado kila anayeonekana atie saini.

Usipige bandari, kambi, vituo vya polisi wala majengo ya ulinzi. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume haupo mbali na Mji Mkongwe. Anayekwambia "rusha tu, hakuna mtu" hatakuwepo droni ikikamatwa.

Hatua ya 7: Biashara au habari

Kila picha ina kapu lake. La biashara ni la matangazo, na ndani yake hakutakiwi nembo, jina la kampuni wala kazi ya sanaa ya mtu mwengine. Sasa tazama mtaa wetu: kijana kavaa jezi ya Arsenal, mwengine ya Simba, mwamvuli wa kampuni ya simu, ndoo yenye nembo ya kiwanda. Ama uzifute nembo hizo kwenye kompyuta, ama umwombe mtu abadilishe shati, ama picha iende kapu la pili, la habari.

Khanga inastahili neno lake. Ikiwa mwanamke kaivaa na yeye ndiye mada, mara nyingi hapana shida. Ikiwa khanga ndiyo picha yenyewe, pindo, mji na jina vyote vinasomeka, hiyo ni kazi ya msanifu wa khanga na ghala litaikataa. Michoro ya Tingatinga madukani ni vivyo hivyo. Milango ya kale ya kuchonga haina tatizo hilo, ila ondoa kibao cha hoteli.

Kapu la habari hupokea watu wasiosaini, nembo na matukio ya hadharani, kwa sharti picha isibadilishwe na isitumike kutangazia bidhaa. Sokoni Darajani, kwenye mbio za ngalawa, kwenye sikukuu za watoto, hapa ndipo pake. Alamy na Shutterstock huzipokea. Adobe Stock haipokei kwa wachangiaji wa kawaida picha za namna hiyo zenye nyuso za watu. Kwa kanuni za maghala unaweza kumpiga mtu barabarani kwa kapu hili bila saini; kiungwana, anayeficha uso kwa mtandio kesha kujibu.

Hatua ya 8: Safisha, usipambe

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi lisilominywa na kamera, kama kamera inaweza. Darktable, RawTherapee na GIMP ni programu za bure na zinatosha. Nyoosha upeo wa bahari, kwani upeo uliopinda mkaguzi huuona kabla ya kitu chengine. Kuza picha hadi asilimia 100 na uipitie kipande kwa kipande: fokasi iko machoni? Kuna chengachenga kwenye vivuli? Kuna doa la vumbi mbinguni? Madoa hayo huonekana zaidi kwetu kwa sababu ya mbingu kubwa zisizo na kitu. Usiongeze rangi hadi bahari ikawa ya plastiki. Mnunuzi akitaka hivyo ataongeza mwenyewe.

Hifadhi JPEG ya ubora wa juu kabisa, kwa rangi za sRGB, bila jina lako kupigwa juu ya picha na bila tarehe. Adobe Stock na Shutterstock hutaka megapikseli 4 kwenda juu. Alamy hutaka faili lisilopungua megabaiti 17 likifunguliwa, yaani kama megapikseli 6. Simu nyingi za sasa zinafika hapo, lakini usitumie zumu ya kidijitali na usipeleke picha iliyopita WhatsApp, maana imeshaminywa.

Hatua ya 9: Maelezo na maneno ya kutafutia

Picha isiyopatikana haiuziki, na inapatikana kwa maneno. Hii ni kazi ya kuchosha, wengi huifanya ovyo, na ndiyo inayotenganisha mwenye mauzo na asiye nayo. Maneno huandikwa kwa Kiingereza. Shutterstock inataka yasiyopungua 7 na yasiyozidi 50; Adobe Stock inaishia 49 na huzingatia zaidi mpangilio, basi yale kumi ya mwanzo yawe ndiyo picha yenyewe.

Jiulize kwa mpangilio: nani, anafanya nini, kwa kitu gani, wapi, wakati gani, na jambo gani kubwa picha inalisema. Mwanamke wa mwani ana maneno ya wazi (mwanamke, mwani, kuvuna, kamba, maji kupwa, kijiji, pwani) na ya dhana (kilimo cha baharini, kipato cha wanawake, tabianchi). Ongeza jina la kisayansi: mwani wa spinosum ni Eucheuma denticulatum, cottonii ni Kappaphycus alvarezii, karafuu ni Syzygium aromaticum, kima punju ni Piliocolobus kirkii, popo wa Pemba ni Pteropus voeltzkowi. Mhariri wa sayansi huandika hivyo, na mtalii aliyepiga popo yule yule aliandika "popo" tu.

Majina ya mahali yanataka akili. Mgeni hatafuti Unguja, anatafuta Zanzibar; hatafuti Mji Mkongwe, anatafuta Stone Town. Weka yote mawili. Picha ya Pemba iandike Pemba na Zanzibar na Tanzania, lakini usiiite ufukwe wa Nungwi ili ipate wapita njia. Utafungiwa, na zaidi ya hapo utakuwa umeufuta ule ukweli ambao ndio ulikuwa mtaji wako.

Picha ya habari huanza na mahali na tarehe, kisha jambo lenyewe, bila maoni. Kwa Kiswahili ingekuwa: "Jambiani, Zanzibar, Tanzania - 14 Agosti 2024: Mkulima wa mwani akifunga mbegu kwenye kamba wakati wa maji kupwa." Kisha itafsiri. Kiingereza chako kikiwa chepesi, sentensi fupi inatosha. Mpe mwalimu wa skuli azipitie kumi za mwanzo.

Maneno haya yaandike ndani ya faili lenyewe, kwa digiKam au Adobe Bridge, ambazo zote ni za bure. Ukifanya hivyo unaandika mara moja na kila ghala litayasoma. Ukiandika kwenye tovuti moja moja, kazi inakuwa mara tatu na bando linaisha.

Hatua ya 10: Pakia kidogo kidogo

Chagua. Kati ya picha thelathini za jamvi moja la karafuu, peleka nne zinazotofautiana kweli, zinazofanana hukataliwa. Alamy ina ukali wake: picha moja ikianguka ukaguzi, fungu zima lililokwenda nalo huanguka, basi peleka mafungu madogo. Pakia usiku bando likiwa rahisi na mtandao mwepesi, na weka nakala mbili za kila kitu, moja isikae nyumba moja na kompyuta.

Ukikataliwa soma sababu. Kelele za chengachenga, fokasi na nembo hurekebishika. "Zinafanana na nyengine" maana yake rudi hatua ya nne.

Utakutana pia na swali la picha za akili bandia. Adobe Stock huzipokea zikiwa zimetajwa hivyo. Shutterstock, Getty na Alamy hawazipokei kutoka kwa wachangiaji. Fukwe za mashine zimeshajaa na zinaongezeka, sababu nyengine ya kuachana na machweo. Mashine haiwezi kuapa kwamba ilikuwepo Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa.

Hatua ya 11: Fedha na kodi

Amua njia ya malipo mapema. PayPal na Payoneer, huduma za kupokea fedha mtandaoni, ndizo zinazotajwa zaidi. Kabla ya kuchagua PayPal, hakikisha akaunti iliyofunguliwa kwa anwani ya Tanzania inaruhusiwa kupokea na sio kulipa tu. Payoneer huhamishia benki, lakini soma ada zake, hasa ada ya mwaka kwa akaunti yenye mzunguko mdogo, kwani inaweza kumeza mauzo ya miezi kadhaa. Kama mauzo ni madogo, acha fedha zikae ghalani hadi zifike kiasi cha maana.

Maghala ya Marekani yatakutaka ujaze fomu W-8BEN, inayosema wewe si mkaazi wa kule. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mrabaha unaotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa asilimia 30. Wanunuzi wa nchi nyengine hawahusiki na makato hayo, mradi fomu ipo. Pale panapoulizwa namba ya mlipakodi wa nchi yako, andika TIN yako ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata Mzanzibari mapato haya anayatangaza TRA na si ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar; weka taarifa za mauzo za kila mwezi na stakabadhi za vifaa, ukaulize ofisini kwao kabla ya mwaka kwisha.

W-8BEN hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia saini. Uliyoisaini 2026 inakwisha 31 Disemba 2029, na mpya ijazwe kabla ya hapo.